Mwalimu wa Kwaya Hakuuza Mafuta Yake

Naanza na jambo ambalo kwangu halina mjadala: Mwalimu wa kwaya wa Rubondo hakuuza mafuta ya mwili wake. Hakuyauza Mbarara, hakuwauzia wazungu, hakumwuzia mtu yeyote. Yalitolewa tumboni na mapajani mwake, yakarudishwa shingoni mwake siku ileile, nami nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Anayesema vinginevyo ama hajui ama hataki kujua. Nilikuwa mtumishi wa serikali katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, magharibi mwa Uganda, ambamo Rubondo ni mtaa mmojawapo, upande wa vibali vya safari, hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba uongo usiposahihishwa ungali mchanga huota ndevu, na watu wakaanza kuuamkia.

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mambo hayo aliulizwa mno, mbele ya kila dirisha na kila meza, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waulizaji. Nitaandika nilichokiona na nilichokisikia.

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha katika shule yoyote. Alikuwa Mkongo wa Kivu Kusini, Mprotestanti, mrefu, mkavu, mwenye viganja vipana kuliko mwili wake. Kovu la moto lilianzia chini ya sikio la kushoto, likashuka shingoni hadi kwenye mtulinga, na lilikuwa limekaza kama kamba ya hema. Miaka ya nyuma, katika hospitali nyingine, lilikatwa na kupachikwa ngozi ya paja, lakini baada ya muda likarudi kuvuta. Liliuinamisha uso wake upande wa bega na kuishusha pembe moja ya mdomo. Alipotaka kumtazama mtu aliyekuwa kando yake hakugeuza kichwa. Aligeuka mzima, kuanzia miguuni, kama watu wanaohamisha kabati.

Kanisa lake lilikuwa dogo, kuta za udongo na paa la mabati, na ndani yake alitawala kama jenerali. Kwa kuwa hakuweza kuinua kidevu, aliongoza kwa nyusi na kwa ndala. Ndala moja aliivua, akaishika mkononi, akapiga mapigo ya wimbo juu ya dumu tupu la maji. Sauti za wanawake aliziita kwa nyusi, za wanaume kwa kisigino. Wageni walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili walikuwa wameshasahau kucheka, kwa sababu kwaya ile iliimba vizuri.

Ulimi wake haukumwogopa mtu. "Yesu alifufuka siku ya tatu," aliwaambia mabesi katika zoezi moja nililolihudhuria. "Nyinyi mungali kaburini. Mutoke."

Kiongozi wa mabesi, seremala mwenye mabega mapana, akajibu kwa utulivu, "Mwalimu, jiwe ni zito."

"Imba kwanza. Malaika habasukumii jiwe batu banaolala."

Mwanamume akichelewa zoezi alisimamishwa nje mpaka wimbo uishe, hata mvua ikinyesha. Mwanamke akichelewa alipishwa aketi bila neno. Nilimweleza, kwa heshima, kwamba utaratibu wa aina hiyo una upendeleo na hauwezi kutetewa.

"Bamama banatoka ku maji," alinijibu. "Kisima kiko mbali, na foleni ni ndefu. Banaume banatoka ku usingizi. Haki iko ku ofisi yenu, Sekretere. Huku kwetu iko armoni, sauti kupatana."

Sekretere ndilo jina alilonipa. Sikuwahi kuwa katibu wa mtu yeyote, na nilimsahihisha mara nyingi. Alisikiliza, akakubali, kisha akaniita Sekretere.

Kuhusu namna alivyoungua, nilisikia masimulizi mengi kutoka kinywani mwake. Watoto wa kanisa aliwaambia kwamba aliwahi kuimba vibaya mbele ya Bwana. Wageni waliokuja na kamera aliwaambia vita. Siku moja, tukiwa peke yetu, nilimtaka aniambie lililo kweli, kwa kuwa sipendi jambo moja liwe na matoleo mengi.

"Nilikuwa namimina esansi karibu na taa," alisema, akimaanisha petroli. "Kwetu, usiku, nikiharakisha. Ule ni ujinga wangu, haiko vita. Vita ilinikuta na kovu tayari."

"Mbona basi wageni unawaambia vita?"

"Ukisema vita, banakupa kiti. Ukisema ujinga, banaangalia saa." Akapapasa kovu. "Na vita ilikuwa. Kweli ilikuwa. Ila siyo ile ilinichoma shingo."

Sikuridhika na jibu hilo, na hadi leo sijaridhika nalo, lakini naliweka hapa kama alivyolitoa.

Alikuwa na majivuno yasiyolingana na hali yake. Shati lake lilipigwa pasi ya makaa kila Jumamosi, ingawa kola yake haikuweza kulala sawa juu ya lile kovu. Alikemea umbea kutoka mimbarini, na hapakuwa na ndoa iliyotetereka Rubondo ambayo hakuijua undani wake. Kila Ijumaa alifunga, hali wala hanywi mpaka jua lizame. Na kila Alhamisi jioni chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Nilipomtajia hilo aliniambia kwamba hata ngamia hunywa kabla ya safari. Tena hakuna aliyewahi kumwona akila. Palipokuwa na harusi au kilio alipokea sahani yake kwa shukrani, akaenda nayo nyumbani, akafunga mlango. Watu walisema ni dharau. Mimi mwenyewe kwa muda nilidhani hivyo.

Kisha kovu likaanza kumshinda. Ngozi ilizidi kukaza, mdomo ukawa haufunguki vizuri, na mwimbaji ambaye awali alionyesha kila sauti kwa koo lake mwenyewe akabaki kuguna na kugonga dumu. Kijiko cha kawaida kilimkwaruza. Alikunywa uji, akanywa chai, akakonda. Mgao wa chakula nao ulikuwa umepunguzwa kwa familia nyingi, kwa uamuzi wa watu ambao sidhani waliwahi kupika kwa mgao huo. Usiku kovu lilimwasha na kumchoma hata akaamka. Haya aliyasema mara moja tu, tena akiwa amenigeuzia mgongo.

Katika hali hiyo alikuja daktari bingwa wa upasuaji kutoka Mbarara, mwanamke Mnyankore, mwenyeji wa eneo hilo, kuwaona wenye makovu katika kituo cha afya. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa kuwatibu askari wa kambi ya Makenke na wake zao. Kilikuwa kifupi na chenye amri. Mwalimu alikwenda akiwa nami, pamoja na jirani yake, Mama Konsolata, mjane wa Kirundi, Mkatoliki, mwanamke mnene na mkarimu aliyekaanga maandazi karibu na kisima.

Daktari alilipapasa kovu kwa muda mrefu, akajaribu kuibinua ngozi, isibinuke.

"Hii imeshika mpaka chini," alisema. "Mzee, mimi naweza kusaidia. Nafungua chini ya kovu kidogo kidogo. Alafu natoa mafuta ya tumbo yako, nasafisha, naingiza na sindano hapo chini. Kovu inakuwa laini, inaacha kushika. Maumivu pia inapunguka. Sisemi utakuwa kijana."

Kisha akambana ngozi ya ubavu wa tumbo kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa sokoni, akaiachia.

"Lakini mafuta iko wapi? Hapa iko ngozi tupu, ssebo, mzee wangu."

Hapo Mama Konsolata akasimama, akajishika kiunoni kwa mikono yote miwili. "Daktari, chukua kwangu. Mungu alinipa ya akiba. Chukua hata ya mwaka ujao."

"Mama, asante. Ya kwako mwili yake itakataa. Lazima ikuwe yake mwenyewe."

"Basi dunia hii haina mpango," Mama Konsolata alisema akiketi. "Mimi ninayo ya bure, na yeye hana ya lazima."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mgonjwa mwenye njaa si tu kwamba hana mafuta, hata vidonda vyake haviponi vizuri. Mwalimu ale, anenepe, aje Mbarara zamu yake itakapoitwa. Ikipita akiwa bado mkavu, nafasi itapewa mwingine, na walikuwapo wengi waliosubiri. Nilielewa hapo ugumu wa jambo lenyewe, na ningependa kila msomaji auelewe: kovu lilimzuia kula, na kutokula kulimzuia kutibiwa kovu.

Mama Konsolata ndiye aliyeamua la kufanya. Kwao Burundi, kama ilivyo kwa Wakongo, mwanamke aliyejifungua hulishwa na majirani: hapiki, hachoti maji, analetewa vyungu kwa zamu hadi mwili urudi. Akapita nyumba kwa nyumba, kwa Wakatoliki na Waprotestanti, akatangaza kwamba Mwalimu atalishwa kama mzazi. Ukaja uji wa soya na karanga, laini wa kupita katika mdomo mdogo. Likaja sombe, yaani kisamvu, lililopondwa hadi likawa kama uji, parachichi zilizosagwa, maziwa kutoka kwa Wanyankore wa ng'ambo ya pili, ndagala, yaani dagaa, waliotwangwa wakawa unga. Watu waliokuwa na kidogo walitoa katika kidogo hicho. Nalisema hili wazi kwa sababu baadhi yao ndio walioambiwa baadaye kwamba walikuwa wakimnenepesha ili auzwe.

Wanaume wa kisimani, bila shaka, hawakumwacha.

"Mwalimu, hongera. Mutoto iko mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni mapacha," alijibu. "Mumoja anaitwa Shingo, mwingine Tumbo. Wote banalia."

"Na baba yao?"

"Ni weye. Lete sabuni."

Alicheka nao, lakini nilijua alivyoteseka. Mtu aliyefunga mlango wake ili ale sasa alifunguliwa mlango asubuhi, mchana na jioni na wanawake waliotaka kuona sahani tupu. Aliwaomba waweke chakula, watoke, arudishe vyombo baadaye. Walikubali. Polepole mashavu yakajaa kidogo, na suruali ikaacha kuhitaji kamba. Kisha ikaja habari kwamba zamu yake imeitwa, na juma hilohilo kanisa lake likatangaza mfungo.

Sina sababu ya kumsingizia Mchungaji nia mbaya. Alimpenda Mwalimu kuliko ndugu. Kwa imani yao, jambo kubwa haliendewi kwa tumbo lililojaa. Kanisa zima lingefunga mchana na usiku, kwa maji matupu, hadi siku ya safari ya Mbarara, ili Mungu auongoze mkono wa daktari. Na Mwalimu, ambaye jambo lilikuwa lake, angekuwaje wa kwanza kula? Akaingia katika mfungo bila kumwambia mtu wa nje. Mama Konsolata aligundua alipokuta chungu cha jana kimejaa. Alikuja kwangu Rwekubo, mji mdogo ulio karibu, kwa pikipiki, hajavua hata kitambaa cha kukaangia.

"Wanamwombea afe njaa," alisema. "Wewe ni mtu wa ofisi. Nenda ukaseme."

Nilikwenda. Nilikuta kanisa limejaa watu walioketi kimya, midomo imekauka, watoto pekee ndio waliokuwa wakitafuna. Mwalimu alikuwa benchi la mbele. Niliomba ruhusa ya kusema, nikasema kwa ukali kuliko inavyofaa ndani ya nyumba ya ibada. Nilieleza agizo la daktari. Nilieleza kwamba kazi ya majirani wote ilikuwa ikiteketea mbele ya macho yao.

Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho. "Muzee wetu," alisema, "tunakuheshimu. Lakini hata daktari anafungisha mugonjwa mbele ya operasio. Atamwambia asikule. Ni hivi ao siyo hivi?"

"Ni usiku mmoja, kwa sababu ya dawa ya usingizi."

"Daktari akifungisha usiku mumoja ni hekima. Mungu akifungisha siku tatu ni ujinga?"

Watu walinong'ona kukubali. Nakiri kwamba hoja ilijengwa vizuri; ndiyo maana ilinikasirisha. Nilikuwa nikitafuta jibu wakati Mama Konsolata aliposukuma mlango, chungu kichwani, akapita katikati ya safu za watu wenye njaa, na harufu ya maharage na mawese ikapita pamoja naye. Mzee mmoja alifumba macho. Mama Konsolata alikiweka chungu miguuni mwa Mwalimu, akasimama.

"Mimi si wa kanisa hili," alisema. "Mnifukuze akimaliza."

Mwalimu aliinamia chungu kwa muda mrefu. Nilidhani angekirudisha. Kisha akasimama, akageuka, mwili mzima, akawaelekea waimbaji wake.

"Bandugu, mufunge," alisema. "Ninaomba mufunge, ninahitaji sana. Miye nitakula."

"Mwalimu," alisema yule seremala wa mabesi, "mbele yetu? Ni haya."

"Haya ni yangu. Ikaa chini."

Akaketi akiwaelekea, akafunua chungu. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya mlango uliofungwa. Kijiko kiliingia kwa shida, na pembe ya mdomo iliyovutwa na kovu haikuziba. Mchuzi ulitiririka kidevuni, ukashuka shingoni, ukaingia katika kola iliyopigwa pasi. Alifuta, akatia kijiko kingine. Kilichomwagika alikirudisha kwa kidole. Alikula hivyo mbele ya watu walioshinda na njaa kwa ajili yake, na macho yake hayakuangalia chini. Ilichukua muda mrefu mno. Mwanamke mmoja wa sauti ya pili alianza kulia, kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na kilio hicho, akaanza wimbo. Wakaimba wote, matumbo matupu, hadi chungu kikaisha. Mchungaji aliendelea na mfungo wake. Mwalimu alikula kila siku iliyobaki katika benchi lilelile.

Mbarara daktari alimbana tena ubavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sioni haya kusema kwamba nilishika fremu ya mlango. Alibana upande mmoja, akahamia mwingine, akabana paja la ndani.

"Kidogo," alisema.

Mwalimu alianza kushusha shati.

"Kidogo, lakini iko. Ya paja itasaidia. Tunajaribu, mzee. Usiku wa leo usile kitu. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mwalimu. "Ile nazoea."

Nilimwomba daktari anieleze kazi yenyewe, kwa sababu nilijua ningeulizwa. Alisema angepasua matundu madogo karibu na kitovu na pajani, aingize mrija mwembamba, avute mafuta kwa bomba la sindano, ayaache yatulie ili maji na damu vijitenge, kisha ayapenyeze chini ya kovu kwa nyuzi nyembamba nyingi, si kwa donge moja. Nilimwuliza kwa nini mafuta hulainisha kovu. Akanijibu kwamba matokeo wanayaona, lakini sababu zote bado zinachunguzwa. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Aliniambia pia kwamba si yote yangeishi. Mafuta yakihamishwa, mengine hupata damu mahali papya yakashika. Mengine hayapati, yakapotea. Huenda ingebidi kurudia. Na yale yatakayoshika yatabaki kuwa mafuta ya mwili: mtu akinenepa yatanenepa, akikonda yatakonda naye.

Mwalimu alipoamka na kuelezwa hayo, shingo imefungwa bendeji, alikaa akiyawaza.

"Sawa vile sisi ba Nakivale," alisema. "Unahamishwa. Fasi ingine unashika, fasi ingine unapotea. Na ukikosa chakula, hata fasi uliposhika unaisha."

Muuguzi alimwamuru asiseme, kwa kuwa kila neno lilivuta bendeji.

Matokeo hayakuwa muujiza, na ninaandika hili kwa ajili ya wale wanaopenda kuongeza. Kwa majuma alikuwa amevimba na ana michubuko, tumboni zaidi kuliko shingoni. Kisha uvimbe ukashuka, na kidogo kidogo ngozi ikaanza kuteleza juu ya nyama badala ya kugandamana nayo. Mwasho wa usiku ulipungua. Mdomo ulifunguka kiasi cha kijiko, halafu kiasi cha nota. Kovu lilibaki kovu. Mtu wa mbali aliliona vilevile. Alipoimba tena mbele ya kwaya, sauti ilikuwa na mkwaruzo, na mabesi, ambao walikuwa wamesubiri siku hiyo kwa miaka, walimwambia kwamba bado yuko kaburini. Alifurahi kupita kiasi.

Uvumi ulianzia katika wodi, nina hakika. Mtu fulani aliyemsindikiza mgonjwa wake aliona mabomba ya sindano yenye mafuta ya manjano yakiwa yamesimamishwa wima kwenye trei, yakisubiri kutulia, na mlango ukafungwa. Alichokiona ni kweli. Alichokiongeza ni chake. Habari ilipofika Rwekubo mabomba yalikuwa yamekuwa chupa, na ilipoingia Rubondo chupa zilikuwa zimekuwa madumu yaliyopandishwa ndege. Wakaja wataalamu wa kila barabara kueleza kwamba mafuta ya mkimbizi hutengenezwa dawa, wengine sabuni. Kwamba kulishwa kwake kulikuwa mpango. Kwamba Mama Konsolata alipewa fungu. Mama yule alipoteza wateja wa maandazi. Baadhi ya waimbaji walizuiwa na waume zao kwenda mazoezini. Waliofunga kwa ajili yake walikuwa haohao walioulizwa kama walilipwa. Niliwaandama waeneza uvumi mmoja mmoja nikiwasahihisha, na nilichopata ni kuambiwa kwamba mtu wa serikali lazima aseme hivyo.

Mwalimu mwenyewe hakujitetea. Nilimlaumu kwa hilo. Aliniambia, "Sekretere, miye nilisema vita wakati ilikuwa ujinga, na baliamini. Sasa ninasema kweli, banakataa. Acha."

Nilimwona kwa mara ya mwisho hivi karibuni, Rwekubo, mahali mabasi madogo ya Mbarara yanapojazia abiria. Alikuwa anakwenda kwa daktari kuangaliwa. Alikuwa amekonda tena, si kama zamani, lakini nililiona: mgao umezidi kupungua, na vyungu vya majirani haviwezi kuja daima. Tulisimama kando ya duka tukizungumza habari za kwaya. Waendesha bodaboda walikuwa karibu, na mmoja wao, kijana Mkongo mwenye koti la jinzi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Njo yule. Njo muzee alinunuliwa mafuta. Muzee, bado unauza, ao stoki imeisha?"

Wenzake walicheka, lakini si wote. Wawili walishuka kwenye pikipiki zao. Nimeishi vya kutosha kujua kundi linaanzaje. Linaanza kwa watu wawili kushuka. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi alivuta beseni lake nyuma. Nilianza kusema. Nilitaja daktari, nikataja mrija, nikataja benchi nililokaa. Mtu akaniambia ninyamaze.

Mwalimu alikuwa bado ananielekea mimi. Aligeuza kichwa, kichwa peke yake, taratibu, mabega yakabaki mahali pake, akamtazama yule kijana moja kwa moja. Kisha akafungua vifungo vya shati, akaonyesha tumbo na alama ndogo zilizo karibu na kitovu.

"Ilitoka hapa," alisema. Akaweka kidole shingoni. "Iko hapa. Kuja ushike, uhesabu kama kuna yenye imepungua."

Kijana hakutaka, lakini wenzake walimsukuma, kwa kuwa sasa kicheko kilikuwa kimemgeukia yeye. Aliweka vidole kwenye kovu kwa woga. Akaisogeza ngozi. Ikasogea. Akaisogeza tena, polepole zaidi, uso wake ukibadilika, na sikuelewa kwa nini alichukua muda mrefu hivyo. Wale wawili walirudi kwenye pikipiki zao. Abiria wakaitwa.

Kijana hakuondoa mkono. Aliinama, akasema kwa sauti ambayo mimi tu na Mwalimu tuliisikia.

"Muzee, bibi yangu, ule nilioa, aliungua. Sufuria ya maji. Kifua yote na mukono, mukono haupandi. Huyu daktari anapokea batu gani?"

"Batu bote."

"Iko musichana mudogo bado. Analia sana."

"Mwili wake iko namna gani?" Mwalimu aliuliza. "Iko munene, iko mwembamba?"

"Mwembamba sana."

Mwalimu alifunga vifungo vyake kimoja kimoja. Kondakta alikuwa akigonga bati la gari akimwita, naye hakuonekana kuwa na haraka.

"Leo kwenu mulikula nini?" aliuliza.

Yule kijana alitazama pikipiki yake, kisha akatazama barabara iendayo Rubondo. "Bado hatuyakula," alisema.